Maoni Ambayo Dada Hakuyatoa

Wiki iliyopita niliwaacha nje ya mlango wa mahakama, shati limeniganda mgongoni kwa jasho, nikiomba jina la dada yangu lirukwe. Halikurukwa. Liliitwa la tatu, saa nne kasorobo asubuhi.

Kwa anayeanza kunisoma leo nitasema kwa kifupi, maana nikirefusha nitaanza kujitetea.

Nilikuwa karani wa muda. Bunge lilikuwa linatunga sheria ya mazungumzo ya mtandaoni, na makarani kumi na wawili tulitumwa mitaani kukusanya maoni ya wananchi. Mimi ni Karani Namba Saba. Nilipewa fomu mia moja na hamsini. Themanini na kitu nilizijaza kwa haki, nikachoka, na zilizobaki nikazijaza mwenyewe kwa majina ya ndugu, majirani na marehemu wawili.

Fomu ya 119 niliijaza kwa jina la dada yangu, na saini nikamwekea. Maoni niliyomtungia yakapendwa, yakapelekwa bungeni, yakawa kifungu cha tisa cha sheria. Mtu wa kwanza mtaani kwetu kukamatwa kwa kifungu cha tisa ni dada yangu.

Barua zenu nimezisoma. Wengi mnauliza nilikuwa na akili gani. Swali hilo nami najiuliza, tena kabla ya kupiga mswaki.

Msidhani sikujaribu. Wiki ya kwanza nilitembea mpaka soli zikaisha. Muuza nyama aliniambia sheria ikimfikia yeye huwa imeshachinjwa na kukatwakatwa, anachoulizwa ni kama anataka mfupa. Kinyozi alitaka ipigwe marufuku mteja kushika simu akiwa kitini, kwa sababu alishawakata wawili masikio. Mwalimu mstaafu aliandika kurasa nne, akabandika nyingine mbili, akanidai nimwandikie kwamba nimezipokea.

Lakini wengi walinijibu neno moja tu. Andika chochote, ndugu yangu, si mtafanya mtakalo.

Hilo "andika chochote" ndilo lililoniponza. Wao walikuwa wanalalamika, mimi nikalichukua kama ruhusa.

Tena juu yangu alikuwepo msimamizi, mzee mmoja mfupi tuliyemwita Muhuri kwa jinsi alivyopenda kugonga mihuri. Fomu yenye "sina maoni" alinirudishia. Yenye malalamiko alinirudishia. Alitaka maoni yenye meno, ndivyo alivyosema, kwa sababu waheshimiwa wabunge hawana muda wa kusoma maji.

Siku niliyoandika ya 119 nilikuwa kibandani kwa dada, nimekalia kona ya meza yake ya kukatia vitambaa. Dada ni fundi cherehani, mjane, ana binti mmoja mwenye pumu. Kwa ajili ya huyo binti alifungua kikundi kwenye simu, akina mama wenye watoto wa pumu wapashane habari, zahanati ipi ina dawa na ipi imeishiwa. Walianza sita. Siku ile walikuwa wamefika mia mbili, na kila mmoja ana domo lake.

Alikuwa amebana pini midomoni, anashona, analalamika. Akasema, "Kila mtu angejibia lake mwenyewe, mimi ningepumzika."

Niliandika hivyo hivyo. Nikaisoma, nikaiona nyepesi, haina meno. Nikaifuta, nikaandika: Aliyefungua kikundi ndiye ajibie kila neno linaloandikwa humo.

Alikuwa hatua mbili kutoka nilipokaa. Sikumuuliza.

Miezi mitatu baadaye nilikuwa kwa kinyozi, redio imefunguliwa, nikamsikia mbunge akisema kwamba mjane mmoja, fundi cherehani, mwananchi wa kawaida kabisa, ameliomba Bunge hili. Kisha akasoma sentensi yangu, neno kwa neno. Na mimi, jamani, nilifurahi. Niliwaambia watu kibandani mle kwamba ile ni kazi ya mikono yangu. Kinyozi akanipunguzia nywele bure.

Sasa twende mahakamani.

Kosa lenyewe mnalijua. Mwanakikundi mmoja aliandika kwamba dawa ya kuvuta iliyoletwa zahanati imeharibika. Haikuwa kweli. Akina mama wakaogopa kuichukua, watoto watatu wakazidiwa mpaka wakalazwa, ila Mungu akasaidia wakatoka salama. Aliyeandika akajitoa kikundini na kuzima laini yake. Dada wakati huo alikuwa na sare za shule arobaini za kumaliza, na simu hakuigusa siku mbili. Polisi walimtafuta mwandishi, hawakumpata. Wakafungua kifungu cha tisa, wakamkuta dada.

Adhabu ni miaka mitatu. Ila sheria ina mlango mmoja mdogo: mtu ambaye hakuijua, na ni kosa lake la kwanza, huonywa akaenda zake nyumbani. Wakili wake, binti mmoja wa kujitolea mwenye viatu vya kubana, alisimama kwenye mlango huo huo na hakutoka hapo. Mteja wangu ni fundi, alisema. Anajua kipimo cha kola. Sheria ya mtandao angeijulia wapi?

Hakimu, mama mtu mzima asiye na haraka, alikuwa anaitikia kwa kichwa. Dada alikuwa kizimbani, ameshaapa, na amejibu kila swali vizuri. Nilianza kupumua. Nilishaanza hata kupanga nitakavyomnunulia chai.

Mwendesha mashtaka akasimama. Ni kijana mpole, na upole wake ndio uliotumaliza. Akamuuliza dada kama ana uhakika kwamba hakuijua sheria hii. Dada akasema ana uhakika.

"Basi naomba nimwonyeshe mshtakiwa karatasi moja."

Muhuri alikuwa ameketi mstari wa mbele, faili mapajani. Sikuwa nimemwona. Akalifungua, akatoa karatasi, akaipeleka kwa mwendesha mashtaka kwa mikono miwili. Niliijua kabla sijaisoma, kwa doa la mafuta ya cherehani kwenye pembe.

Ilisomwa kwa sauti. Jina la dada. Kazi ya dada. Mtaa wa dada. Kisha maoni. Kisha mwendesha mashtaka akasema, kwa upole ule ule, kwamba mshtakiwa si tu aliijua sheria, bali ndiye aliyeiomba.

Watu wakaguna. Wakili wa dada akageuka kumtazama mteja wake kama mtu aliyeuziwa gunia la mchele akakuta pumba. 

Hakimu akaagiza dada apewe fomu. "Saini iliyo hapo ni yako?"

Hapa lazima niwarudishe nyuma kidogo, mniwie radhi.

Mama yetu alifariki nikiwa na miaka minane. Dada ndiye aliyenilea, kwa cherehani. Ripoti zangu za shule alizisaini yeye. Nikiwa na miaka kumi na mbili nilifeli hesabu vibaya, nikaogopa kumwonyesha, nikaisaini ripoti mwenyewe. Saini yake inaishia na mkia unaoteremka moja kwa moja. Mimi mkono wangu haukuweza. Wangu ulifika chini ukapinda kushoto, kama ndoano.

Mwalimu akashtuka, akamwita dada. Akamwekea ripoti mezani, akamuuliza kama saini ni yake. Dada aliitazama muda mrefu. Akasema, "Ni yangu, mwalimu. Siku hiyo mkono ulikuwa unaniuma."

Njiani hakunipiga. Alisema kwamba safari hii amenibeba, nisimbebeshe tena. Jioni ile alinipa gauni zima la mteja lililokosewa, akaniambia nilifumue mshono baada ya mshono, bila kukata kitambaa. Sikusaini ripoti tena. Aliendelea kuzisaini mwenyewe mpaka nikamaliza shule.

Turudi kizimbani. Dada aliishika fomu kama anavyoshika kitambaa, akaiinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Nikaona macho yake yanashuka, yanashuka, yakafika kwenye mkia. Yakakwama pale.

Kisha akainua kichwa, akanitazama. Tulikuwa watu kama sitini mle ndani, na hakuhangaika kunitafuta.

Akainama tena, akasoma chini kabisa, kwenye yale maandishi madogo ambayo sisi makarani hatukuwa tunayasoma. Akasema, "Ni yangu, mheshimiwa."

Wakili wake akafumba macho.

Hakimu akauliza kama maoni nayo ni yake. Dada akasema ndiyo, yake, aliyatoa kwa hiari. Alisema hivyo kwa sauti ile anayomwambia mteja kwamba nguo itakuwa tayari Ijumaa.

Mngedhani imeishia hapo. Lakini mwendesha mashtaka alikuwa mtu wa kufunga kila kifungo. Akasema ili pasibaki shaka yoyote, chini ya fomu kuna nambari ya karani aliyeichukua, na angependa karani huyo aseme alimwona mshtakiwa akisaini. Hakimu akauliza karani huyo anapatikana wapi.

Muhuri, kwa uchangamfu wa mtu anayependa kazi yake, akageuka na kuninyooshea kidole. "Yule pale, mheshimiwa. Karani wangu hodari."

Wakili wa dada akapinga, kwamba siwezi kuwa shahidi na nimekaa mle ndani asubuhi nzima nikisikiliza. Hakimu akasema analijua hilo, atanisikiliza na kunipima. Akatoa dakika kumi za mapumziko.

Dada alitolewa nje ya ukumbi na askari mmoja mnene, akakalishwa kwenye benchi la korido. Askari alikuwa anapiga miayo. Nikamwomba nimpe dada maji, akaniambia niharakishe.

Nikapiga magoti mbele ya dada na chupa yangu ya maji. Hakuichukua.

"Kalamu," akasema. Ndivyo anavyoniita tangu nilipojifunza kuandika. "Ukiingia mle utasema uliniona nikisaini."

"Dada, ni miaka mitatu."

"Karani anayeghushi saini, yake ni saba. Imeandikwa chini ya fomu. Wewe hukusoma, mimi nimesoma."

Nikamwambia kosa ni langu, acha nilibebe. Akasema kulibeba ni kazi, na mimi kazi yoyote sijawahi kuimaliza. Hilo lilinichoma kwa sababu ni kweli, na fomu ile ilikuwa ushahidi. Nikamuuliza binti yake je, nani ataamka usiku akikosa pumzi.

"Wewe. Nilikulea wewe nikiwa na miaka kumi na tisa, na ulikuwa mjinga kuliko yeye." Akapangusa kitu shavuni kwangu, sijui ni machozi au vumbi. "Dawa yake iko kwenye droo ya cherehani. Ukibonyeza mara mbili usimpe maji papo hapo. Umesikia?"

Tuliitwa.

Nawaambieni ukweli, wapenzi wasomaji, kutoka lile benchi mpaka kizimbani ni hatua kama ishirini, na katika hatua hizo nilibadili mawazo mara tano. Nikisema nilimwona, dada anafungwa, na ninakula chakula chake na kulala kitandani kwake kwa miaka mitatu. Nikisema sikumwona, nafungwa mimi, na yeye atakuwa ameidanganya mahakama chini ya kiapo. Alikuwa ameniziba njia zote kwa neno moja, na alifanya hivyo kwa kunipenda. Sijawahi kumkasirikia mtu nikimpenda namna ile.

Nikaapa. Mwendesha mashtaka akaniuliza kama mimi ndiye Karani Namba Saba. Nikasema ndimi.

"Ulimwona mshtakiwa akitia saini kwenye fomu hii?"

Nilimtazama dada. Aliitikia kwa kichwa, kidogo tu, kama anavyomwitikia binti yake ameze kidonge.

"Hapana," nikasema. "Hakuiona fomu hii mpaka leo. Maoni ni yangu. Saini ni yangu."

Ukumbi ulichafuka. Muhuri alisimama, faili likamwanguka, karatasi zikatawanyika mpaka miguuni pa karani wa mahakama. Nilisikia mtu nyuma yangu akisema sheria zenyewe basi ndivyo zinavyotungwa, na mwenzake akacheka. Hakimu akagonga meza mara mbili.

Nikaendelea, maana nilijua nikinyamaza sitaanza tena. Nikaeleza yote, meza ya kukatia, pini midomoni, ile sentensi niliyoigeuza. Nikasema dada yangu alitaka kila mtu ajibie lake, mimi ndiye niliyeandika kinyume. Niliona wakili wake anaandika mbio mbio, uso umepata damu. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi nilihisi kifua changu kimekuwa chepesi.

Hakimu alivua miwani. Akasema hapa kuna ndugu wawili, wote wameapa, na kila mmoja anasema saini ni yake. "Mmoja wenu ameidanganya mahakama yangu, na sitahangaika kumtafuta. Karani wa mahakama, wape karatasi na kalamu."

Tukaletewa meza ndogo. Kila mmoja asaini mara tano, jina la dada, mbele ya watu wote. Fomu ikawekwa mbele ya hakimu ili alinganishe.

Nilianza mimi. Nilijua hii ndiyo nafasi yetu. Saini ile niliibuni utotoni, naiweza hata usingizini. Nikashika kalamu, na mkono ukaanza kutetemeka.

Nikaubana kwa mkono wa pili. Ya kwanza ikaruka mstari. Ya pili ikakosa herufi. Mkia ukateremka, ukatetemeka, ukaishia hewani bila kupinda popote. Ya tatu, ya nne, ya tano, zote zilitoka kama kuku amepita na matope. Nikaomba karatasi nyingine. Hakimu akasema hapana.

Dada akasogea. Akajifuta kiganja kwenye sketi. Akasaini mara tano bila kuinua macho, haraka haraka, kama anamalizia upindo.

Nilikuwa upande wake, niliona kila kitu. Mara zote tano, mkia ulifika chini ukapinda kushoto.

Nilidhani macho yananidanganya. Saini ya dada haipindi. Nilitaka kusema hivyo kwa sauti, nikafungua mdomo, na papo hapo nikakumbuka ripoti zangu, zile zote zilizofuata baada ya siku ya mwalimu. Ziko kwenye sanduku chini ya kitanda changu. Nimezitazama mara nyingi kwa ajili ya alama, saini sikuwahi kuitazama.

Miaka minne. Mwalimu yule asije akalinganisha, asije akajua ile moja ilikuwa ya kwangu, dada alibadili saini yake ikafanana na uongo wangu. Kila muhula alipinda mkia kwa makusudi. Hakuniambia kamwe.

Hakimu alizilinganisha karatasi muda mrefu, moja moja, akizisogeza kwenye mwanga kama dada alivyofanya. Kisha akaisukuma yangu pembeni.

"Saini ya kwenye fomu ni ya mshtakiwa," akasema. "Aliijua sheria, na aliiomba mwenyewe." Akanigeukia. "Na wewe umeapa hapa, ukasema uongo ili umwokoe."

"Mheshimiwa, chini ya kitanda changu kuna sanduku..."

"Nyamaza."

Dada alikuwa anatazama mbele, mikono mgongoni tayari. Midomo yake ilikuwa inasema kitu bila sauti, na nilikielewa. Droo ya cherehani. Mara mbili. Usimpe maji.

Hakimu akamwita askari. Yule mnene akaja akiburuta viatu, pingu moja mkononi. Akasimama katikati yetu, akamtazama dada, akanitazama mimi, akasubiri aambiwe amfunge nani.